Nyar Japan wa Dunga

Ti-ri-ri-ring, halafu msichana anaongea. Juzi nilikuwa napita kwenye maegesho ya supamaketi hapa Kisumu, mtu akawasha gari lake la mtumba, nalo likamsalimu kwa Kijapani. Mwenye gari hata hakusikia. Mimi nilisimama na mfuko wangu wa sukuma wiki nikacheka peke yangu, maana sauti kama hiyo naijua tangu nikiwa na miaka tisa.

Ilitoka kwenye friza. Kina mama wauza samaki wa Dunga, kando ya ziwa, walikuwa na friza moja kuukuu kutoka Japani, ya kutumia pamoja. Ukiacha mfuniko wazi kidogo tu, ililia ti-ri-ri-ring, na msichana wa ndani akasema maneno yake marefu, ya upole, kama mtu anayeomba msamaha. Hakuna aliyejua anasema nini. Sasa, kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka: nyar Alego, nyar Gem, yaani binti wa huko. Kwa hiyo hata wiki haikuisha, naye akaitwa nyar Japan.

Saa yake pia ilibaki ya kwao. Jua la saa sita mchana likituchoma, kioo chake kilionyesha saa kumi na mbili jioni, na hakuna aliyejua pa kubonyeza kuirekebisha. Nyanya yangu, niliyemwita Dani, hakuona shida. "Kwao kumeshaingia jioni," alisema. Basi msichana akiongea mchana, nyanya alimjibu, "Oimore, nyar Japan," salamu ya jioni kabisa, mikono yake ikinuka samaki wa ngege na ndimu.

Likizo zote nilikuwa naye, nikiparua magamba. Ndivyo nilivyogundua jambo ambalo kina mama wengine hawakulijua: macho ya nyanya yalikuwa yanafifia. Mfuniko ule aliufunga kwa masikio. Msichana akinyamaza, basi umefungika.

Siku moja fundi kutoka Kondele alikuja kubadilisha plagi. Mama wa meza ya pili, aliyechoshwa na kelele, akamwuliza kama anaweza kuifanya iongee Kiswahili.

"Program yake ni ya kitambo, Mama, haifunzwi tena," fundi alisema. "Lakini kuinyamazisha ni dakika mbili. Nakata waya wa spika."

"Kata."

Akatoa koleo. Nyanya aliacha kupasua samaki, kisu kikabaki hewani. Nilijua anachoogopa. Sauti ikikatwa, siku moja mfuniko utabaki wazi, samaki wa watu wataoza, na kina mama watamwambia kwa heshima aende akapumzike nyumbani. Nyanya bila Dunga sikuwahi kumwona. Na siri haikuwa yangu kuitoa.

Nikasema, "Kwani hapa mtu akiolewa anakatwa ulimi?"

Mwenyekiti wa kina mama akacheka mpaka akashika meza. "Fundi, rudisha koleo. Huyu mtoto ametushinda." Akamgeukia mama wa meza ya pili. "Wewe ulipoolewa kutoka Maragoli uliongea Kimaragoli mwaka mzima. Tulikuletea fundi?"

"Na hakuna hata mmoja aliyenielewa," yule mama akajibu, lakini naye alikuwa anacheka.

Tukienda nyumbani nyanya alinishika mkono.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Aprili, Dani."

"Kesho utakula mandazi mawili."

Aliuza samaki miaka minne zaidi. Siku hizi anapumzika, kwa kutaka kwake, na ananitambua kwa hatua zangu kabla sijabisha. Pale Dunga kuna friza mpya yenye taa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Ukiacha wazi, inawaka tu. Hakuna anayeisalimu.

Nyar Japan ubaridi ulimwisha kabla ya sauti. Siku ambayo watu wa vyuma chakavu walikuwa waje kumchukua, nilienda saa sita mchana, kina mama wote wakiwa majini wakipokea samaki. Nilichomeka plagi, nikainua mfuniko, nikangoja. Akaongea, mpaka mwisho, na sikumkatiza.

"Oimore, nyar Japan," nikamwambia, nikashusha mfuniko polepole hadi akanyamaza.