Waliokuja Kumtafuta Aroni

Evarista wa Kilolo haamini mizimu. Kwa miaka mingi ndiye aliyeitwa kuosha maiti za wanawake wa parokia yake, na husema hajawahi kuona hata moja ikikunja kidole.

Kwa hiyo mchana ule wa ukungu, alipowaona vijana wawili wakinyata kuingia kwenye kibanda cha zamani cha wapasua mbao, simu mkononi, alijua wamefuata nini. Uvumi kwamba kibanda kile kina mizimu ulikuwa umefika hadi Iringa mjini. Akatua kuni zake, akazunguka nyuma, akagonga bati kwa kiganja.

Binti akapiga yowe. Mwenzake akatoka mbio, akateleza kwenye tope.

"Mzimu wenyewe ndio mimi," Evarista alisema huku akicheka. "Mna ugali?"

Nao wakacheka kwa aibu, wakamwamkia. Walikuwa Crispin na Jackline; hurekodi video za mizimu na kuziweka mtandaoni.

"Na hapa mnamtafuta nani, wanangu?"

"Kijana aliyeangukiwa na mti mwaka jana, bibi," Crispin alijibu. "Wanasema huwa analia humu."

Kicheko kikamkauka Evarista. Aroni alikuwa mwanawe wa pekee, kiziwi na bubu tangu kuzaliwa. Msonobari ulipoanza kuanguka wenzake walipiga kelele sana. Yeye akaendelea kukusanya matawi.

Hakuwaambia. "Haya, mwiteni," alisema.

Jackline akawasha programu ambayo, alieleza, hunasa maneno ya wafu. Simu ikakwaruza, kisha ikatoa sauti nyembamba: "Mama."

"Umesikia, bibi!"

"Huyo kijana ni wangu," Evarista alisema. "Na hakuwahi kutamka neno hata moja. Simu yenu inadanganya."

Vijana wakainamisha vichwa. Jackline akaomba radhi. Crispin akataka kuizima simu, lakini Evarista akamshika mkono.

"Irudie."

"Bibi, ni programu tu. Imewekewa maneno."

"Najua. Irudie."

Akaisikiliza macho ameyafumba, machozi yakimtiririka, mpaka chaji ikaisha.

Video ile hawakuiweka popote. Walimbebea kuni hadi kwake, na njiani Jackline akauliza Aroni alikuwa akimwitaje mama yake.

Evarista akasimama. Akamgusa binti shavuni kwa vidole viwili, taratibu.

"Hivi," akasema.