Kifimbo Nilichokifupisha kwenye Turbo ya Mama

Ninaikumbuka Jumanne hiyo, mwanangu, kama ninavyokumbuka kitanda changu bwenini. Nilikuwa kidato cha kwanza, bado mbichi, najua kila kitu. Sasa niko kidato cha tatu. Nimekula chumvi nyingi, ingawa karibu yote ilikuwa ndani ya githeri, mahindi na maharagwe ya shule, na uzee huu unanipa haki ya kukuketisha chini, wewe uliyeingia kidato cha kwanza. Sitakohoa kwanza kama wazee wengine.

Mama yangu ana pikapu kuukuu ya dizeli, yenye turbo. Huiendesha mwenyewe, akipeleka viazi vyetu na vya majirani kutoka Kiirua hadi soko la Gakoromone. Injini hiyo ikifa, viazi vinaozea ghalani nasi tunavitazama. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mlimani ilipanda kama mvulana anayepelekwa kutahiriwa. Rafiki yangu Mutwiri hakuniacha nipumue. "Jana nimeona punda akimwambia mama yako asonge kando," alizoea kuniambia.

Likizoni nikatazama video moja kwenye simu, mara moja, nikiruka maelezo. Nilielewa hivi: turbo huzungushwa na moshi wa injini, nayo husukuma hewa ndani ili gari lipate nguvu. Kando yake pana kilango. Hewa ikifika kiasi chake, kimkebe chenye kifimbo hukisukuma kilango kikafunguka, moshi wa ziada ukapita pembeni, turbo ikatulia. Ukikifupisha kifimbo, kilango hukazwa, huchelewa kufunguka, na hewa huzidi. Hapo nikazima simu. Naambiwa sehemu iliyofuata ilikuwa ya maonyo.

Jumamosi, mama akiwa shambani, nilikizungusha kwa koleo mpaka kikafupika. Sikuhesabu mizunguko. Sikuweka alama. Tena nikazipiga nyuzi zake za kushikia nati brashi na dizeli mpaka zikang'aa, maana nilitaka kazi safi.

Jumapili pikapu ilipanda kilima cha kanisa kana kwamba imeitwa jina. Wakati wa ushuhuda mama alisimama akamshukuru Mungu kwa kuigusa injini yake. Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema amina, mwanangu, na sauti yangu ndiyo iliyosikika kuliko zote.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumanne asubuhi, magunia yakiwa yamejaa nyuma, tulipoanza kupanda bomba la hewa lilichomoka kwa kishindo na moshi mweusi ukatufunika. Mama akazima injini. Vijana wa bodaboda wakatusukuma hadi gereji ya Cucu Fundi, yaani Nyanya Fundi.

Cucu Fundi jina lake ni Ciarunji. Ni mwanamke wa Mbeere aliyeolewa huku kwetu, rika la nyanya yangu, na alikuwa akifungua injini za malori mama yangu akiwa bado msichana. Huvaa ovaroli juu ya rinda. Hakiwekei kitu spana kabla ya kukitazama vile mama anavyomtazama kijana aliyekuja kumposa binti yake.

Alilirudisha bomba mahali pake, akawasha injini, akasikiliza. "Hii gari imeanza lini kupiga mluzi hivi?" akauliza.

"Tangu Mungu aiguse," mama akajibu.

Cucu Fundi akazima injini, akainama na tochi. "Siku hizi Mungu anatumia koleo ya meno?"

Kwenye kifimbo kulikuwa na makovu ya koleo yangu. Mama akanigeukia. Mutwiri hakuwapo nimsingizie.

"Ni mimi, mama."

"Kwa hivyo Jumapili nilimshukuru nani?"

Swali hilo bado nalibeba, kwa umri huu wangu wote.

"Utamchapa baadaye, Mama Kimathi," Cucu Fundi akamwambia mama. "Hewa ikizidi hivi, gasketi ya kichwa cha injini inapasuka, na pistoni zinafuata. Wewe kijana, ulizungusha mara ngapi?"

"Sijui, Cucu."

"Alama uliweka wapi?"

"Sikuweka. Na nilisafisha."

Alinitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Kupotea njia si kitu," akasema. "Lakini wewe umepotea, halafu ukafagia nyayo zako."

Turbo ilikuwa ya moto, tukangoja ipoe. Kisha akanipa spana. Mimi nilidhani nitafukuzwa, kumbe nimeajiriwa. Alichomeka pampu ya baiskeli na geji ya kupima hewa kwenye kimkebe, akachora mistari miwili ya chaki kwenye kioo cha geji: wa chini, pale kifimbo kinapopaswa kuanza kusogea, wa juu, pale ambapo hewa haipaswi kuvuka tukiwa barabarani. Nilitafuta kitabu alikonakili vipimo. Kilikuwa kichwani mwake.

Halafu akatoa mfukoni punje za ndengu, yaani choroko, na kifuniko cha chupa. "Kila nusu mzunguko, weka moja humu. Mkono una maringo, utakudanganya. Ndengu haina."

Nikapampu. Mshale uliupita mstari wa chini, ukaenda zake, ndipo kifimbo kikajitingisha. Cucu Fundi akacheka peke yake, kwa vile nilivyokuwa nimekikaza. Akanionyesha kukishika kifimbo kwa koleo iliyofungwa kitambaa, nilegeze nati, nizungushe kichwa cha kifimbo peke yake. "Ndani ya mkebe kuna mpira mwembamba. Ukisokota kifimbo chenyewe, unachanika kama chapati. Ulibahatika."

Nusu mzunguko kukirefusha, ndengu moja. Rudisha kwenye pini ya kilango, pampu, soma geji. Tena nusu. Mama alisimama mikono kiunoni, na ninaapa kwamba alikuwa anahesabu pia. Katika punje ya sita, mshale na kifimbo vilikutana kwenye chaki kama watu waliopeana miadi.

Hapo nikajiona mwerevu. "Niongeze moja, Cucu, kwa usalama?"

"Ongeza uone."

Nikaongeza. Kifimbo kikaingia kwenye pini chenyewe, bila kuvutwa.

"Umeona? Kinatakiwa kivutwe kidogo ndipo kifike, ili kilango kifunge sawasawa. Sasa kiko wazi, na mama yako atapanda mlima kwa maombi peke yake." Akaitoa punje ya saba akanirudishia mkononi. "Ugonjwa wako ni ule ule, umegeuza upande tu. Juzi ulizidisha nguvu, leo unazidisha woga. Rudisha nusu."

Nikarudisha. Nikakaza nati. Akapaka tone la rangi nyekundu ya kucha pale nati inapokutana na uzi, atakayekuja kesho ajue pa kuanzia. Kisha tukapanda kilima na mzigo wote, geji, iliyounganishwa na bomba la hewa kwa mpira mwembamba, ikiwa mapajani mwa Cucu Fundi. Niliikodolea geji macho, mwanangu. Mshale ulipanda, ukafika chini ya mstari wa juu, ukakaa hapo kama mtu aliyefika kwake. Bomba halikuchomoka. Tulikwenda polepole kabisa.

"Imerudi kuwa yangu," mama akasema, akabadilisha gia.

Nimewaona wenye elimu nyingi tangu siku hiyo, wengine wakiwa na vyeti ukutani. Sijaona tena mtu anayeweza kumkabidhi mharibifu spana na kumtoa fundi kwa asubuhi moja.

Basi nasaha yangu ni hii. Kitu ambacho watu wanakula kwacho, usikiguse kabla ya kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Ukikigusa, weka alama pale ulipokikuta, na uzihesabu hatua zako. Ukiharibu, sema upesi, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Na unaporekebisha, usikimbilie upande wa pili kwa sababu unaogopa upande wa kwanza, simama pale penye kiasi.

Mungu akupe nguvu za kukutosha na akili ya kutambua zikitosha. Akukutanishe mapema na mtu mwenye mkono mtulivu kuliko wako, naye akuone unafaa kupewa spana. Nenda, mwanangu, na kila unachokigusa kikae salama mikononi mwako.