Harlan Stovall na Mkia Unaopiga Maji Wenyewe

Kule Gadsden, jimbo la Alabama, huwezi kukaa na wavuvi wa mto Coosa jina la Harlan Stovall lisitajwe, na mara nyingi hutajwa kwa kicheko. Alikuwa mtu mrefu, mkavu kama ukuni, aliyefanya kazi kiwanda cha matairi mpaka akastaafu, na hakuna kitu kilichofungwa kwenye mshipi ambacho yeye hakuwa na neno juu yake. Samaki wake alikuwa besi, yule mwenye mdomo mpana anayejibanza kwenye nyasi za ukingoni. Chambo chake kilikuwa jigi ya kuogelesha: ndoano yenye kichwa kidogo cha risasi, nyuzi za mpira zilizoifunika kama sketi, na nyuma yake kipande cha plastiki laini ambacho wavuvi hukiita mkia.

Ni huo mkia uliomgombanisha na walimwengu. Harlan alitaka mkia mwembamba, mtulivu, usiofanya lolote wenyewe. Uhai wa mkia huo ulitoka kwenye mkono wake wa kulia. Alikunja mshipi huku akitetemesha ncha ya ufito wa kuvulia bila kupumzika, na jigi ikapita kwenye nyasi ikihangaika kama dagaa aliyepotezana na wenzake. Waliojaribu kumwiga walichoka mapema asubuhi wakaanza kujikanda viwiko. Yeye alitetemesha mpaka jua la utosini, kisha akashuka kwenye boti na kuomba chai baridi kana kwamba ametoka kulala.

Shemeji yake, Rufus Teague, kaka wa mkewe Nadine, alikuwa mtu wa mkia wa kasia. Mkia huo ni mnene, ncha yake bapa, na ukiuvuta tu hupiga maji wenyewe huku na huku.

"Shemeji, huo si uvuvi," Harlan alimwambia kila walipokutana. "Huko ni kuosha plastiki."

"Samaki wangu hawajalalamika," Rufus alijibu.

"Watalalamika vipi, na wewe umeshawakaanga?"

Basi hujafa hujaumbika. Jumapili moja ya Oktoba, watu wakila chakula cha mchana kanisani baada ya ibada, sahani ya kuku ilimponyoka Harlan mkononi. Alidhani ni mafuta. Aliinama kuiokota, vidole vikakataa. Alipoinua kichwa akauona uso wa Nadine, akajua kwamba jambo hili halikuwa la mafuta. Kilikuwa kiharusi. Kilimwachia akili zake zote na ulimi wake wote, lakini mkono wa kulia ukabaki umening'inia begani kama mgeni asiyejua akae wapi.

Majira ya baridi yakapita kwenye mazoezi. Mtaalamu wa viungo alimpa mpira wa kuminya, akauminya. Vidole vikarudi kidogo. Viliweza kushika kikombe, viliweza kuzungusha kitasa cha mlango polepole. Kutetemesha havikuweza. Nyuma ya nyumba boti ilifunikwa turubai, na Harlan akahamishia kiti chake upande wa barabarani ili asiione.

Mwishoni mwa Machi, Nadine alirudi kutoka dukani akamkuta gereji, amekaa mbele ya meza yake ya zana. Ameibana jigi kwenye jiliwa, anajaribu kuivisha mkia kwa mkono wa kushoto. Meza ilikuwa imejaa mikia iliyotobolewa ovyo.

"Lete," alisema Nadine, akavuta kiti.

Harlan alitaka kukataa, ila alikuwa amechoka. Nadine akachomeka mkia, akamwonyesha.

"Umepinda," alisema Harlan.

"Umepinda wapi?"

"Tazama mshono wa ubavuni. Ukipinda hata kidogo, jigi inalala ubavu, inazunguka kama nyama kwenye kijiti. Samaki atakucheka. Kwanza ulaze kando ya ndoano upime pa kutokea, weka alama kwa ukucha, ndipo utoboe."

Nadine akautoa, akapima, akatoboa tena. Ulikaa wima kama mshumaa. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa mtu wa kuendesha boti na kusoma riwaya, na Harlan hakuwahi kudhani kwamba mikono ile ingemvutia kuitazama kwa sababu hii. Akamsogezea jigi nyingine. Wakakaa pale mpaka chakula kikachelewa, yeye akisahihisha, Nadine akimwambia apunguze mdomo.

Mei ilipofika, dagaa wakaanza kutaga kwenye nyasi za ukingoni alfajiri, na besi wakawafuata. Nadine aliondoa turubai mwenyewe. "Mzee, ingia kwenye gari," alisema, wala hakumpa nafasi ya kujadili.

Mtoni, Harlan alirusha chambo kwa mkono wa kushoto, kitako cha ufito amekikita tumboni, vidole vya kulia vikizungusha mpini wa rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi, taratibu. Kurusha kulimwendea vizuri kuliko alivyotarajia. Kisha akajaribu kutetemesha kwa kushoto. Ncha ikaruka kama imeumwa na nyuki, jigi ikatoka majini, ikarudi, ikanasa kwenye nyasi. Akarusha tena na tena. Dagaa walikuwa wakirukaruka mbele yake, besi wakiwapiga kwa kishindo, na hakuna hata mmoja aliyeigusa jigi yake. Nadine alifungua riwaya lakini hakusoma.

Boti ya Rufus ikasogea kutoka upande wa pili wa ghuba. Alikuwa ameshatoa besi kadhaa akawarudisha majini. Alimwona shemeji yake akinasua jigi kwenye nyasi, akaondoa macho haraka. Huruma ile ilimuuma Harlan kuliko utani wowote.

"Sema basi," alisema Harlan. "Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kumsalimia dada yangu."

"Rufus," alisema Nadine, "nipe mkia mmoja. Mweupe."

"Nadine," alisema Harlan, "ukiniwekea hicho kitu nitarudi nyumbani kwa miguu."

"Tuko katikati ya maji, mzee. Nenda salama."

Rufus akarusha pakiti ya mikia. Nadine akachomoa ule mkia mwembamba, akaanza kupima wa kasia kwenye ndoano. Harlan alitazama pembeni. Kisha akatazama kidogo. Kisha uvumilivu ukamwishia.

"Mrefu huo. Kata kichwani, ukucha mmoja hivi. Sketi isiufunike, la sivyo hautapiga."

Nadine akakata. Rufus akajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku lake, maana alikuwa anacheka.

Harlan akarusha kando ya nyasi. Hakutetemesha. Alizungusha tu, polepole, kwa mwendo mmoja. Na hapo, katika vidole vile ambavyo tangu Oktoba vilihisi kila kitu kama kupitia blanketi, akasikia mapigo: duk, duk, duk. Ulikuwa mkia ukipiga maji kule mbali, na mapigo yalipanda na mshipi, yakaingia kwenye mpini, yakamfikia. Akasimamisha mkono, yakakoma. Akazungusha, yakarudi.

"Nini?" aliuliza Nadine, maana alimwona amebadilika uso.

"Nausikia," alisema. "Kwa huu mkono."

Mapigo yakakatika ghafla, mshipi ukawa mzito. Mkono haukuweza kuvuta kwa nguvu, kwa hiyo Harlan alijitupa nyuma mwili mzima, na isingalikuwa Nadine kumdaka mkanda wa suruali angaliingia mtoni na ufito wake. Walimpandisha besi kwa fujo kubwa, Harlan akizungusha, Nadine akishika mkanda kwa mkono mmoja na wavu kwa mwingine, Rufus akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Hakuwa samaki mkubwa. Harlan alimshika mdomoni kwa vidole vya kulia, akakaa naye hivyo kitambo, akamrudisha majini.

"Haya, sema," alimwambia Rufus.

"Sina neno, shemeji. Naona umeosha plastiki vizuri."

Mtetemo wa mkono haukurudi tena. Nadine ndiye aliyejifunza, Harlan akimfundisha kwa makelele kutoka kiti cha nyuma, na kufikia Agosti alikuwa anautumia vyema kiasi cha kuanza kumjibu. Harlan naye alibaki na mkia wa kasia, ingawa alishikilia kwamba maji yakipoa lazima mtu arudi kwenye mkia mtulivu, na kwamba Rufus hajui hilo na hatalijua.

Jumamosi moja Nadine alisema amechoka, anataka kulala. Rufus akampitia Harlan kwa gari lake. Walishinda mtoni wakibishana kuhusu rangi ya sketi, mmoja akitaka nyeupe, mwingine kijani iliyofifia, na ubishi ukawa mkali hata wakasahau kurusha. Walirudi mikono mitupu, wameungua pua, wakamkuta Nadine barazani na mtungi wa chai baridi, wakamtaka awaamue.

"Nyote hamkupata kitu," alisema. "Sasa niamue nini?"