Sanda ya Vipande Vitatu

Kijijini kwetu, nyuma kidogo ya Wesha, tuna sifa moja: hatucheleweshi maiti. Harusi tutachelewesha, mkutano wa sheha tutachelewesha, paa la skuli linangojea mabati mpaka leo, lakini mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Kwa hiyo mafundi waliokuwa wakichimba shimo la choo cha madrasa walipokuta fuvu la mtu na mifupa yake, kila mmoja wetu alijua la kufanya, isipokuwa lile lililotakiwa.

Sheha aliwapigia simu polisi. Wakamwambia msiguse kitu, tunakuja. Walikuwa wanakuja tangu saa tatu asubuhi. Ilipoadhiniwa adhuhuri, wazee wakaona si uungwana mja wa Mungu kulala juani akisubiri gari. Wakaamua aoshwe, akafiniwe, asaliwe, azikwe.

Mimi nasomesha biolojia sekondari. Darasani nimetundika picha ya mifupa ya binadamu, na kila mwaka nawaonesha wanafunzi namna nyonga ya mwanamke inavyotofautiana na ya mwanamme. Kwa elimu hiyo kubwa nikateuliwa kushika ndoo ya maji.

Ukazuka ubishi. Sanda ya mwanamme ni vipande vitatu, ya mwanamke vitano. Sasa huyu ni nani? Mzee mmoja akasema fuvu kubwa vile ni la mwanamme. Mwengine akasema mkewe ana kichwa kikubwa kuliko hicho. Mwisho duka ndilo lililoamua: kitambaa kilichopatikana kilitosha vipande vitatu, basi akawa mwanamme. Dini yake hakuna aliyeiuliza. Msimu wa karafuu huja wachumaji kutoka bara, na Wakristo wamo, lakini hilo nililifikiri kimya kimya. Nyonga ilikuwa mbele yangu, juu ya mkeka, nami nikimimina maji huku nikitazama paa la msikiti. Kwetu muosha haangalii sana, na alichokiona hakisemi. Nilijiona mwenye adabu, kumbe nilikuwa naogopa tu.

Polisi walifika saa kumi na moja, wakaoneshwa kaburi zuri, limemwagiwa maji na kuchomekwa mrehani. Askari akauliza kama yupo aliyepiga hata picha moja. Watu ambao huipiga picha sahani ya pilau kabla ya bismillahi wakatazamana. Likaandikwa lililoandikwa: mwanamme, Muislamu, jina halijulikani. Hayo mawili ya mwanzo tulikuwa tumemtunuku wenyewe.

Kesho yake akaja shangazi yangu kutoka Gombani. Mwanawe wa pekee aliondoka miaka sita iliyopita, akaaga anakuja kuchuma karafuu huku kwetu, asionekane tena. Wapo waliomwona Tanga, wapo waliomwona Mombasa. Mamake tu ndiye hakumwona popote. Hitma hajamsomea, kwa sababu anaona ukimsomea mtu hitma hali yu hai umemzika kwa mdomo wako. Utotoni yule ndugu yangu alianguka kwenye mkarafuu akavunjika mkono wa kushoto, ukaungwa nyumbani, ukaunga vibaya.

Shangazi alikataa hata chai.

"Ulomtia maji ni wewe?"

Nikamwambia ni mimi.

"Basi nambia, mwanangu. Mkono wa kushoto una kombo?"

Nikaanza kumsomea adabu za muosha, na sitara ya maiti, na mengine mengi ambayo sikuwahi kuyajali kabla ya siku ile. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sikukuuliza adabu."

"Sikuangalia, shangazi."

Niliona haya mpaka nikatamani anitukane. Halafu akaniambia kuwa amekwishapita kwa polisi, nao wako tayari kuomba kibali cha kulifungua kaburi ikiwa wazee hawatapinga. Wazee hawatamsikiliza yeye. Lakini nikisema mimi, msomi wa mifupa, kwamba mfupa uliowahi kuvunjika hujulikana kwa kutazamwa tu, watasikia. Nikamuahidi.

Ijumaa, baada ya sala, wazee wakabaki msikitini kulizungumza. Shangazi alikaa nje, chini ya dirisha. Mzee wa kwanza akasema kumfukua Muislamu ni kumvunjia heshima. Wa pili akasema hivyo hivyo, kwa maneno mengi zaidi. Kisha wakanigeukia wote, wakaniuliza kwa upole mwalimu ana lipi. Nilikuwa nalo, nimelifanyia mazoezi tangu alfajiri. Wale wazee ndio walionifundisha kusoma Kurani, na mmoja wao ni baba mkwe wangu.

"Wazee wameshasema," nikajibu.

Wakanisifu kwa malezi yangu mema, tukaomba dua, tukatoka. Shangazi alikuwa amekwishasimama, anajifunga buibui. Nikamwita. Akanitazama kama anavyotazamwa karani wa ofisi iliyofungwa.

"Ahsante, Mwalimu," akasema.

Maisha yangu yote alikuwa hajapata kuniita hivyo.