Kimea Mkononi mwa Desideri

Siku ya kwanza kazini niliambiwa niweke fimbo chini. Nilikuwa nimetoka nayo nyumbani, fimbo nzuri ya kuswagia ng'ombe, nikidhani saisi, yaani mtunza farasi, haendi kazini mikono mitupu. Mwalimu wa Farasi, mama wa makamo asiyecheka ovyo, aliitazama akasema, "Hapa mnyama hapigwi. Anaombwa." Nilimshuku papo hapo. Mtu anayemwomba mnyama ana lake jambo.

Shamba lilikuwa nje kidogo ya Sumbawanga, kwenye nyasi za juu zenye baridi. Mwenye shamba alifuga farasi wa maonyesho, wale wanaofundishwa kutembea kiubavu na kukanyaga palepale kwa mpigo. Ninyi vijana mnawaona kwenye simu mnadhani wamezaliwa wanajua. Miezi ya kwanza farasi hapandwi kabisa. Anazungushwa kwa kamba ndefu, wewe umesimama katikati, mpaka aizoee sauti yako. Kisha huja lijamu, chuma cha mdomoni, ambacho kwanza unakipasha joto viganjani, maana asubuhi za Ufipa chuma huuma. Hatamu unazishika kwa vidole tu. Akipatia, unalegeza, na kulegeza huko ndiyo zawadi yake.

Baadaye nikawa saisi mkuu. Chini yangu alikuwa Desideri, Mfipa mwenzangu kutoka Chala, mtu mkimya, nami wakimya siwaamini. Jike mmoja mweupe, Mwanana, alikuwa amenisumbua mwaka mzima. Kwa Desideri akawa kondoo ndani ya wiki mbili. Nani asingeshuku? Nikamvizia, nikamwona akimlambisha kitu kiganjani. Alipoondoka nikanusa mdomo wa Mwanana: harufu ya kilabuni, ya pombe ya ulezi.

Wakati huo tulikuwa tunasubiri wageni wa kutazama maonyesho, na mwenye shamba alikuwa amesema wazi: Mwanana akicheza vizuri, farasi watabaki, akiharibu, wanauzwa wote. Mwalimu alikuwa safarini Mbeya. Nikaenda kwa Meneja.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Nimenusa mwenyewe, bwana. Anamlevya."

"Umemuuliza?"

"Mwizi huulizwa?"

Desideri alifukuzwa siku ileile. Alifunga godoro lake kwenye baiskeli, akaniaga kwa heshima, na heshima hiyo nayo niliishuku.

Mwalimu alirudi wageni wakiwa tayari getini. Nilimwingiza Mwanana uwanjani mimi mwenyewe. Akasimama. Nililegeza hatamu, nikamwomba, nikambembeleza. Aligeuza shingo akawa anatazama mlangoni tu. Wageni wakakohoa. Mwezi haukuisha, farasi wote wakauzwa, Mwanana akavushwa mpaka wa Kasesya ndani ya lori.

"Desideri alifukuzwa kwa kosa gani hasa?" Mwalimu aliniuliza akifunga mizigo yake. Nikamweleza. Alikaa juu ya sanduku. "Kile kilikuwa kimea cha mkewe," alisema. "Nilimruhusu mimi. Ni kitamu, hakilevyi."

Kimea! Ulezi uliooteshwa ukakaushwa! Mama yangu alikuwa mpika pombe. Nimetafuna kimea tangu sijaota meno ya pili, najua kinanukia pombe kabla hakijawa pombe. Mtoto yeyote wa Kifipa angetambua. Mimi nilitafuta hatia, nikaipata. Niliona aibu, na bado ninaiona.

Nilimalizia utumishi nikilinda ghala la mahindi, kazi inayomfaa asiyemwamini mtu. Nilipostaafu nikapanda gari kwenda Chala. Desideri amezeeka kama mimi. Nilimweleza yote bila kujitetea, nikamwomba radhi.

"Yamepita, kaka," alisema. "Ila ungeniuliza."

Mkewe, ambaye kwa sababu yangu aliishi miaka bila mshahara wa mumewe, alituletea ugali na samaki wa Kipili. Tukanawa. Desideri akanikaribisha. Mkono wangu ulibaki gotini; ugali huo nao niliushuku.

Aliniangalia kidogo. Kisha akamega tonge upande wangu wa sahani, akachovya, akatafuna, akameza.

"Haya," alisema, "kula sasa."