Sinyati bado anapima kwa ubao wa waridi

Saa mbili asubuhi, wingu bado limekaa juu ya Meru, na Sinyati Lesian ameshafagia sebule, amewapa kuku pumba na amejifunga kanga ya pili juu ya gauni, ile ya kazi. Anakaa karibu na dirisha, anawasha redio kwa sauti ya chini, halafu anavuta ubao wake.

Ubao wenyewe ni mweupe, umechubuka pembeni, na una mistari myeusi iliyopigwa kwa rangi: arobaini, hamsini, sitini, sabini. Hizo ni sentimita. Chini ya arobaini kuna mistari mingine midogo ya wino wa bluu, ambayo ameichora mwenyewe.

Anachukua waya mweusi, anaunyoosha juu ya ubao kwa kidole gumba, anaukata. Anakata wa pili, anakata wa tatu. Mkono unakwenda bila yeye kuutazama. Kisha anasita, anauokota ule wa kwanza na kuupima upya.

"Leo sitaki haraka," anasema. "Haraka ndiyo iliyonitia aibu."

Sinyati ana miaka 46 na anaishi Usa River, nyuma ya soko. Kazi yake ukiisikia kwa mara ya kwanza utaomba arudie: anatengeneza kebo fupi za umeme za ndani ya kompyuta ndogo. Siyo kompyuta za mapajani. Ni zile mashine zenye nguvu ambazo mafundi huzikusanya kipande kwa kipande ndani ya kasha lisilozidi boksi la viatu, ili wenyewe waweze kuzibeba mgongoni.

Wateja wake wengi ni wapiga picha za harusi na watu wa video za utalii. Ndani ya kila mashine kuna kisanduku cha kugawa umeme, ambacho mafundi wanakiita pawasaplai. Kebo zinazokuja nacho kutoka dukani ni ndefu. Ukizisokomeza kwenye kasha dogo zinajazana, hewa haipiti na mashine inachemka kama sufuria ya makande. Hapo ndipo anapotafutwa Sinyati. Anakata nyaya kwa urefu unaotakiwa tu, anazivalisha nailoni iliyofumwa kama soksi, anabana pini kwa koleo na kuzipanga kwenye plagi. Kwa mwezi mzuri hupata kazi tano au sita.

Ukimuuliza alijifunzia wapi kupima, atakujibu bila kufikiri: "Kwenye waridi."

Na hapo sauti yake inabadilika.

Kwa miaka kumi na mbili Sinyati alikuwa mpangaji wa maua kwenye shamba moja la hapohapo Usa River. Waridi zilitoka kwenye nyumba za nailoni zikiwa na umande, zikamwagwa juu ya meza ndefu, na wanawake walisimama pande zote mbili kuzipanga. Kila mmoja alikuwa na ubao wake. Unalaza ua, unaangalia kichwa, unaangalia urefu, unaliweka na wenzake.

"Kichwa sawa, urefu sawa, funga," anakumbuka, na vidole vyake vinafunga kitu ambacho hakipo. "Mpaka ndotoni nilikuwa nafunga. Mume wangu alikuwa ananiambia, wewe mwanamke, niachie shuka."

Maua yaliyopungua sentimita arobaini hayakusafiri. Yalitupwa chini ya meza kwenye ndoo, pamoja na majani na miiba.

Anaikumbuka baridi ya ukumbi ule ambayo iliwafanya wavae soksi mbili. Anaikumbuka chai ya saa nne na maandazi ya kugawana. Zaidi ya yote anamkumbuka Naserian, mwanamke wa Oldonyo Sambu aliyesimama mwisho wa meza na kuongoza nyimbo. Naserian alizitunga palepale. Akimwona mtu amenuna, anamtia kwenye ubeti. Msimamizi akipita, naye anaimbwa, na alijifanya hajasikia.

"Nimekaa na watu wengi," Sinyati anasema, "lakini kucheka vile sijacheka tena."

Shamba lilifungwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Nyumba za nailoni ziliachwa zikachanika, na wanawake wale wakatawanyika: nyanya, mitumba, kazi za ndani, wengine wakarudi kwao. Sinyati aliuza mboga sokoni mpaka shemeji yake, Solomoni Sumari, fundi kompyuta wa Sokon I, alipomwona siku moja akikata vitambaa vya meza bila futi na vyote vikatoka sawasawa. Akamwita amsaidie na nyaya.

Ubao anao tangu siku ya mwisho ya shamba. Mwandishi wa makala haya alipomuuliza aliupataje, alicheka kidogo na kurudi kwenye kazi.

"Nilipewa na rafiki yangu," alisema.

Kilichomtia aibu kilitokea Alhamisi iliyopita, kwenye karakana ya Solomoni.

Mteja alikuwa Tajeu, mpiga picha za harusi mwenye miaka 29, na ndiye mtoto wa Naserian. Sinyati anamfahamu tangu akiwa na kaptula za shule. Tajeu alikuwa amenunua pawasaplai mpya, ndogo kuliko ya zamani, na alitaka kebo mpya ya diski yake ya kuhifadhia video. Sinyati alilitazama tundu la pawasaplai mpya, akalitazama la zamani. Umbo lilikuwa moja na idadi ya vishimo ilikuwa ileile. Plagi ilizama bila kusukumwa.

Mkono wake ukafanya ulichozoea. Kichwa sawa, urefu sawa, funga. Akainakili kebo ya zamani waya kwa waya, na hakupima kwa testa, kile kifaa cha fundi kinachoonyesha ni umeme gani unapita wapi.

Kosa hilo fundi aliyeanzia kwenye umeme asingelifanya kirahisi, maana hilo ndilo jambo la kwanza kuonywa. Upande wa diski, plagi hizi hufanana dunia nzima. Upande wa pawasaplai, kila mtengenezaji anapanga umeme wake kwenye vishimo anavyotaka, na kwa macho huwezi kujua. Solomoni alimwambia hivyo siku ya kwanza, na Sinyati alikuwa akipima kila kebo. Ila siku hiyo Tajeu alikuwa anawahi harusi Moshi, na macho ya Sinyati yaliona maua mawili yanayofanana.

Walipowasha, kulisikika mlio mdogo, kisha harufu ya kuungua. Diski ikanyamaza.

Ndani yake mlikuwa na harusi ambazo wenyewe walishakabidhiwa nakala zao. Mlikuwa pia na video moja ambayo haipo kwingine. Siku shamba lilipofungwa, Tajeu, wakati huo kijana mwenye kamera ya kuazima, aliingia ukumbini akawapiga picha wanawake wakipanga maua ya mwisho. Mama yake anaimba humo. Naserian alifariki miaka mitatu iliyopita, na hakuna mahali pengine sauti yake iliponaswa.

Kwa nini hakuwa na nakala? "Kila wikiendi nilikuwa nasema wikiendi hii," anasema Tajeu. Nani kati yetu hajasema hivyo.

"Hakunigombeza," Sinyati anasema, na macho yanamlengalenga. "Alichukua helmeti yake akatoka, akakaa kwenye ngazi. Angenitukana ningelala usingizi. Naserian ni rafiki yangu, halafu mimi ndiye nimemzika mara ya pili."

Kulikuwa na tumaini moja. Solomoni aliifungua diski akakuta kwamba kilichoungua ni kipande kidogo kama punje ya ulezi, kinachowekwa pale kuupokea umeme mbaya na kufa badala ya diski. Akakitoa. Diski ingeweza kuamka, alisema, angalau kwa muda wa kuhamisha vilivyomo. Lakini sasa haina ulinzi. Umeme ukikosea njia tena, ndiyo basi.

Solomoni alitaka kuitengeneza mwenyewe kebo mpya. Tajeu akakataa.

"Nilimwambia atengeneze yeyo," anasema Tajeu, akimaanisha mama, jinsi anavyomwita Sinyati. "Ningempa mtu mwingine, yeyo asingeshika koleo tena maisha yake. Namjua."

Ndiyo maana asubuhi hii Sinyati anapima kila waya mara mbili.

Anabana pini ya mwisho, anavuta kila waya kuona kama umeshika, anaiviringisha kebo ndani ya leso safi na kuitia kwenye pochi. Urefu wake ni sentimita ishirini na mbili. Shambani ingekuwa ya ndoo.

Mchana, karakana ya Solomoni ina watu zaidi ya viti. Tajeu amefika mapema. Amefika pia Pudensiana, mama mnene mwenye miwani, mkazi wa Engutoto. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi wa maua, yule aliyejifanya hasikii nyimbo. Habari ya diski ilimfikia, na anasema amekuja kusalimia tu.

"Shikamoo mama," Sinyati anamwamkia.

"Marahaba, Sinyati. Umekonda."

"Ni wiki hii tu."

Solomoni anamwachia nafasi. Sinyati anachomeka kebo kwenye pawasaplai peke yake, bila diski, anaiwasha na kupima pini moja moja kwa testa, akitaja kwa sauti namba anayoisoma. Anamaliza. Anarudia tangu mwanzo. Hakuna anayemharakisha, hata Pudensiana, ambaye enzi zake alijulikana kwa kuharakisha.

"Chomeka, shemeji," Solomoni anasema mwishowe. "Iko sawa."

"Nione mara moja tena."

Anapima mara ya tatu. Kisha anazima, anaichomeka diski, anafumba macho na kumwambia Solomoni awashe.

Kwanza kimya. Halafu inasikika sauti nyembamba ya kitu kinachozunguka, inapanda, inatulia. Solomoni anapiga kofi moja. Tajeu anaiinamia meza, paji la uso juu ya mikono. Sinyati anabaki amesimama na testa mkononi, kama mtu aliyesahau anapokwenda.

Wanahamisha video hiyo kwanza, mahali pawili tofauti, ndipo wanaifungua.

Picha inachezacheza, kamera ilikuwa kuukuu. Ukumbi unaonekana, meza ndefu, vilemba, waridi nyekundu na za njano. Mwisho wa meza yuko Naserian, mrefu, koti la kazi limembana mabegani. Anaanzisha, wenzake wanaitikia. Anaimba kwamba kesho waridi zitawatafuta, zitauliza vidole vyao viko wapi.

Pudensiana amevua miwani.

Katikati ya wimbo Naserian anapaza sauti ghafla. Anaondoka mahali pake, anaijia kamera, anatanua kanga mikono yote miwili na kucheza, kanga imeziba nusu ya ukumbi. Nyuma ya bega lake, kwa sekunde chache, anaonekana mwanamke aliyeinama akisukumia kitu kirefu cheupe ndani ya gauni lake.

"Simamisha hapo!" Pudensiana anasema, na kuvaa miwani. "Rudisha. Hapo. Sinyati!"

Sinyati ameshaziba uso kwa mtandio.

"Mimi niliutafuta ule ubao mpaka kwenye shimo la takataka! Nilisimama mbele ya meneja nikaapa wanawake wangu hawana mkono mrefu!"

"Nisamehe mama," Sinyati anasema, na haijulikani kama analia au anacheka. Anamgeukia Tajeu. "Nilipewa na mama yako. Nilikuwa naushika naurudisha, naushika naurudisha. Akaniona. Akaniambia, 'Wewe chukua, mimi nitaimba.'"

Tajeu anaisogelea skrini.

"Miaka yote hii," anasema, "nilijua alipaza sauti kwa sababu ya kamera yangu."

Anaomba sehemu hiyo irudishwe. Inarudishwa mara nyingi, na kila Naserian anapopaza sauti kuna mtu anayecheka na mtu anayejifuta macho, na ni watu walewale.

Sinyati ana mpango, na anausema jioni, kikombe cha chai kikiwa mkononi. Kazi imeanza kumzidi. Ameona chumba cha kupanga karibu na soko la Usa River, na amemwagiza seremala meza. Siyo ya kukalia mtu mmoja. Ni meza ndefu, ya watu kukaa pande mbili, na anawatafuta wenzake wa zamani, wale waliobaki. Kukata na kubana atawafundisha kwa wiki chache. Kupima na testa atawafundisha kabla ya yote, na hatamruhusu mtu ashike plagi kabla hajalijua hilo.

"Kuimba hawahitaji kufundishwa," anasema.

Pudensiana anakohoa. "Ule ubao ni mali ya shamba. Nitakuja kuuchukua."

"Shamba liko wapi, mama?"

Pudensiana anakoroga chai yake.

"Wewe njoo tu," Sinyati anamwambia. "Ila ukija, utakaa upande wa pili wa meza ukate nyaya."

"Mnaanza saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, kama zamani."

"Saa moja kamili," Pudensiana anasema, anaweka kikombe chini. "Na asichelewe mtu."