Matete ya Emérance

Pontien alikata matete yote ya ufuko wa Emérance wakati mama huyo akiwa Kirungu kwenye matanga ya dada yake. Hakumuuliza. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mvuvi wa kaskazini ya ziwa, kule milima inakoshuka majini na mawe yake. Alitaka mchanga mtupu wa kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwa.

Kila aliporudi safari, masikio ya Emérance ndiyo yaliyotangulia kufika nyumbani. Mashua ikiwa bado mbali, aliyasikia matete yakinong'ona, akajua kitanda chake ki karibu. Mwaka ule wa 1962 alisikiliza, akasikiliza, asisikie kitu.

"Mama Emérance, ona uwanja!" Pontien alimpokea akicheka. "Mbu wamehamia kwa jirani."

"Na ngege je? Nao wamehamia kwa jirani?"

"Samaki iko mu ziwa, shemeji, haiko mu majani."

Claudine, huyo jirani mwenyewe, akaangua kicheko. "Papa Pontien, weye kweli ulizaliwa juu ya jiwe!"

Wanawake wa pale walivuna matete ya nchi kavu tu, ya mikeka na ya kuezekea. Yaliyosimama majini hayakuguswa, kwani ngege walilelea watoto humo. Mzazi yeyote wa mtaa, awe Mholoholo mwenyeji au mgeni wa juzi, aliletewa ngege wa matete bure, maziwa yake yapate kushuka. Emérance ndiye aliyewapelekea, kutoka kwenye matete yake. Njiani watu walimwamkia kwa heshima, kama mkunga.

Msimu mmoja mchanga ulimeta kwa ndagala. Kisha mvua zikanyesha zisikome, ziwa likapanda. Kwa Claudine mawimbi yalipenya kwenye matete, yakachoka, yakafika mlangoni yakiwa maji tu. Kwa Emérance yalikuja mazima. Yalikula mchanga, yakala jiko, halafu nyumba ikajilaza ndani ya maji polepole, kama muntu mwenye usingizi.

Sasa analala kwa Claudine. Mchana hukaa ufukweni, afumbe macho, na matete yanaota tena mbele yake, marefu, ya kijani, ngege wadogo wakipita kati ya vidole vya miguu yake. Akifumbua, ni maji matupu. Mzazi wa nyumba ya tatu ameomba samaki, naye hana cha kumpelekea.

"Hii njo kazi ya Mungu," Pontien humwambia. "Ziwa limepandia kila muntu."

"Mungu hakushika panga."

Hataki pole yake, wala ndagala zake. Mizizi ya matete ipo kwa Claudine, na mwenyewe amesema ichukuliwe hata leo. Anachomdai Pontien ni aingie majini hadi kiunoni, mchana, watu wakimwona, aipande kwa mikono yake ileile mpaka matete yaenee ufuko wote. Hajapanda hata mmoja.